Stendi ya Kaluvu Mpakani

Watu wa Katelembo walijua kwamba ukimwalika Ndeti karamuni, usimwalike Kalunde, na ukimwalika Kalunde, Ndeti atapita hapo langoni bila kugeuza shingo. Walikuwa shemeji. Ndeti alikuwa mdogo wa Mulatya, marehemu mume wa Kalunde, na mashamba yao yalipakana tangu siku baba yao alipoyagawa akiwa bado na nguvu zake, akapanda safu ya mkonge katikati ili wanawe wasije wakagombana. Waligombana hata hivyo, kama ndugu wanavyogombana. Ila Mulatya alipokufa, ugomvi uligeuka chuki.

Mulatya alikuwa mpasua mawe kwenye machimbo ya Mlolongo. Vumbi lilimwingia kifuani likamkalia humo, akarudi nyumbani akikohoa, na hakuinuka tena. Alimwachia mkewe nyumba ya matofali, shamba, na binti mmoja, Nthenya, ambaye wakati huo alikuwa ameshaolewa Matuu. Mtoto wa kiume hawakujaliwa. Matanga hayajaisha, Ndeti alisimama uani kwa marehemu kaka yake, akalitazama shamba mpaka mwisho wake kule bondeni, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Sasa hii yote ni ya nani?"

Kalunde alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake. Hakungoja mtu amjibie.

"Ni ya yule anayelala hapa. Na leo nitalala hapa."

Basi vita vikaanza. Kila msimu wa kulima, mkonge uling'oka. Leo mmoja, kesho kutwa mwingine, na jembe la ng'ombe la Ndeti likazidi kula upande wa pili. Akiulizwa, alisema ni fuko wanaokula mizizi. Kalunde alikwenda kwa Mzee Kitheka, mkubwa wa ukoo, akamweleza. Mzee Kitheka alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema wazee watakaa waliangalie jambo hilo. Hawakukaa. Akaenda tena, akaambiwa mvua ipite kwanza. Mwaka huo ilikuwa ile mvua ya El Nino, iliyobeba madaraja na makaburi, kwa hiyo alingoja. Mvua ilipita na wazee hawakukaa.

Kilichompa Kalunde jina mjini na kijijini ni kaluvu. Alifundishwa na mama mkwe wake kuipika ile pombe ya zamani, ya asali na maji ya miwa, inayochachushwa kwa miatine, yale matunda makavu mepesi kama sifongo. Hakuwauzia walevi wa barabarani. Alipika kwa ajili ya sherehe: mahari, kumpa mtoto jina, wazee kupatana. Mwenye sherehe alikuwa akienda kwa chifu kuchukua kibali, kisha anakuja kwake. Ndeti alikuwa amewapelekea askari habari zaidi ya mara moja kwamba shemeji yake anaharibu vijana. Askari walikuja, wakakisoma kibali, wakaangalia mapipa, wakaondoka. Siku moja mmoja wao alimuuliza, "Mama, huyu anayekushtaki ni nani wako?" Kalunde akamwambia, "Ni wa marehemu mume wangu. Wangu si yeye."

Kupika huko kulikuwa kazi ya mgongo. Pipa lilikaa juu ya mawe karibu na moto ili lipate joto, na likishachacha lilihitaji kuinamishwa ili pombe ichujwe. Asubuhi moja, baada ya mvua, Kalunde alikuwa amechemsha sufuria kubwa ya maji na kuiweka kando ya pipa, tayari kuchanganya. Ndama wa Ndeti akapita kwenye pengo ambalo zamani lilikuwa na mkonge. Alikuwa amenusa maganda ya miwa. Kalunde alimpigia kelele, ndama akashtuka, akarudi nyuma kwa matako, akaligonga pipa, pipa likaangukia sufuria. Maji yote yalimwagikia mguu wa kushoto wa Kalunde, kuanzia gotini mpaka kwenye vidole.

Majirani walimbeba mpaka hospitali. Kamanthe, mke wa Ndeti, alisimama kwenye pengo mkono mdomoni, asivuke. Ndeti alimfuata ndama wake akamfunga kamba, na wanawake waliokuwa wakimbeba Kalunde walimsikia akisema:

"Ng'ombe hajui mpaka."

Kalunde alikuwa akilia kwa uchungu, lakini hilo alilisikia. Aliinua kichwa mabegani mwa wenzake. "Mwenye ng'ombe anajua!"

Aliporudishwa nyumbani alilala wiki nyingi. Nthenya alikuja kutoka Matuu kumuuguza, na kila alipombadilisha bandeji alirudia ombi lile lile: waondoke, akakae naye, kule kuna nyumba, kuna maembe, kuna wajukuu.

"Mama, huyu mtu atakuua."

"Ataniua vipi na ninamwona? Nikienda kwako ndipo nitakufa, nikifikiria jinsi anavyolima mpaka kwenye mlango wangu."

"Basi uache hiyo pombe."

"Nikiacha pombe, nani atakuja hapa? Wale wazee wa ukoo? Nikiacha, hata kuniona hawataniona."

Alipokuwa amelala hivyo, mguu juu ya mto, alianza kuijenga stendi kichwani. Itakuwa na ngazi tatu. Juu kabisa, pipa la kuchanganyia asali, maji ya miwa na maji ya moto, yakipandishwa kwa ndoo ndogo ndogo. Katikati, pipa la kuchachusha, na chini yake karai la makaa ya kulipasha joto. Chini kabisa, chujio na mitungi. Kila kitu kitashuka chenyewe kwa mpira na mfereji. Hakuna tena kuinamisha pipa, hakuna tena kuinua. Alipofika kwenye swali la mahali pa kuisimamisha, hakuhitaji kufikiri. Aliiona wazi: pale pale kwenye pengo, upande wake wa mstari wa mkonge, miguu ndani ya simiti. Alicheka peke yake kitandani, na Nthenya akadhani ni homa.

Alipoweza kutembea na fimbo, alikwenda Machakos mjini kwa Korane, Msomali mwenye duka la vyuma na mabati karibu na soko. Korane alikuwa akibomoa rafu za duka lake la zamani, na nyuma ya duka kulikuwa na rundo la vyuma vya pembe, vile vyenye matundu kutoka mwanzo hadi mwisho, ambavyo huunganishwa kwa bolti na nati bila kuchomelewa. Kalunde aliviinua kimoja kimoja, akavitazama kama vimepinda.

"Mama, unajenga nini?" Korane akamuuliza.

"Stendi."

"Ya tangi la maji?"

Kalunde alikipima chuma kingine kwa jicho. Korane alimtazama mguu, akamtazama uso, na bila shaka alikumbuka alichowahi kusikia juu yake, maana mji si mkubwa.

"Usiniambie," akasema. "Mimi ni mtu wa dini. Nikijua ni ya nini, siuzi. Sasa mimi najua ni vyuma tu. Lakini kitu kizito ukikiweka juu ya hizi, chukua mbili mbili kwa kila mguu, uzifunge pamoja. Moja itapinda."

Alichukua viwili viwili. Mwenye mkokoteni alimfikishia hadi uani, akapakua, na kabla hajageuza mkokoteni Ndeti alikuwa tayari amesimama upande wake, mikono nyuma.

Kalunde alijenga mwenyewe. Alikuwa na spana mbili za marehemu mumewe, msumeno wa chuma wenye meno yaliyochakaa, na mguu usiotaka kukunjwa. Alikata vyuma akiwa ameketi kwenye kigoda. Mgongo ulimuuma, viganja vikatoka malengelenge, na mara nyingi alifunga kitu akagundua amekifunga juu chini, akakifungua akitukana. Ndeti alikuwa akija kutazama karibu kila siku. Alisimama akitafuna kijiti, na Kalunde alijilazimisha asiharakishe.

Siku alipochimba mashimo ya miguu, Ndeti alipata ulimi.

"Hapo ni kwangu."

"Kwako kunaanzia wapi?"

"Kunaanzia pale." Akaonyesha kwa kijiti, hatua chache ndani ya shamba la Kalunde.

"Mkonge wa baba mkwe ulikuwa wapi?"

"Mkonge uliliwa na fuko."

"Basi fuko wamekula na macho yako," Kalunde akasema, akamimina simiti shimoni. "Simiti hawali. Walete tuone."

"Utaing'oa mwenyewe hiyo takataka. Mjane hajengi mpaka."

"Nimejenga."

Ndeti alivuka pengo, akaukanyaga mguu mmoja wa stendi kwa kiatu, simiti ikiwa bado mbichi. Chuma kikainama. Kalunde alilishika koleo lake kwa mikono miwili na kulinyanyua mpaka begani. Walitazamana hivyo, huyu mguu juu ya chuma na yule koleo begani, mpaka Kamanthe alipomwita mumewe kutoka jikoni, naye Ndeti akauondoa mguu wake taratibu, kana kwamba alikuwa amechoka tu kusimama. Kalunde alikinyoosha chuma, akakishikilia kwa mkono mpaka simiti ilipoanza kushika.

Stendi ilikamilika. Ilikuwa ndefu kuliko mtu, nyembamba, imepinda kidogo upande wa bondeni. Kalunde aliipaka rangi nyekundu ya mabati ili isishike kutu. Ilionekana kutoka barabarani, na kutoka mlangoni kwa Ndeti haikuwezekana kutoiona.

Hakumwamini mtu, kwa hiyo kabla ya kuweka asali hata tone, aliamua kuijaribu kwa maji. Jumamosi alikwenda sokoni, na Jumapili baada ya ibada alianza kupandisha ndoo. Pipa la juu lilipokaribia kujaa, alisikia sauti kama ya jino likivunjika. Alirudi nyuma. Ngazi ya juu ililala upande, pipa likaporomoka, likapiga la katikati, yote mawili yakabingirika mpaka kwenye mahindi. Kama angekuwa ameinama pale chini kwenye chujio, pipa lingemkuta kichwani.

Alikaa juu ya kigoda mpaka moyo ulipotulia. Kisha akatafuta kwenye matope. Bolti zilizokuwa zimebaki kwenye matundu zilikuwa nzima, hazijakatika. Nati ndizo hazikuwapo. Zilikuwa zimefunguliwa, zote za upande mmoja, na alizipata zimetupwa pamoja chini ya kichaka cha mwiba, upande wa Ndeti, kana kwamba aliyezitupa hakuona haja ya kuzificha.

Alizikusanya kwenye kiganja, akaenda mpaka kwenye mstari. Ndeti alikuwa kivulini akila chakula cha mchana na Kamanthe.

"Ndeti! Fuko wako wameanza kutumia spana?"

Ndeti aliendelea kumenya kiazi chake. "Chuma cha duka la zamani kinalegea chenyewe."

"Ulitaka kuniua."

"Nani atakuua? Wewe ni wa kujiua mwenyewe, na pombe yako."

Kamanthe aliinamisha uso kwenye sahani. Kalunde alimwona, na hakumhurumia. Alirudi, akainua upya kila kilichoanguka, akakaza kila nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, halafu akachukua nyundo na jiwe kubwa la kuegemezea, akaziponda ncha za bolti zote, moja baada ya nyingine, zikapanuka zikawa bapa. Hakuna spana ambayo ingezifungua tena. Nyundo ililia alasiri yote. Watu waliokuwa wakitoka kwenye ibada ya pili kanisani walisimama barabarani kusikiliza.

Kaluvu ya kwanza ya stendi ilishuka safi, na sifa zake zikaenda mbali. Zilifika hata Matuu, ambako Aloys, kijana wa Ndeti, alikuwa na biashara ya maembe na alikuwa amempata msichana wa kuoa. Msichana huyo aliitwa Wagaki, Mkikuyu, na babu yake, Mzee Nderitu, ndiye mwenye sauti katika nyumba yao. Mzee Nderitu aliwatumia ujumbe watu wa Aloys juu ya mahari: mbuzi walete, blanketi walete, lakini soda na bia ya chupa wawaachie watoto. Yeye anataka pombe ya miatine, ile watu wake wanaita muratina, tena ya asali ya kweli. Ikiwa si hiyo, wasije.

Ndeti alijaribu kwingine. Alimpa kazi mtu wa upande wa mtoni, ikatoka chungu, inanuka moshi. Ndipo siku moja Kamanthe alipovuka pengo kwa mara ya kwanza tangu matanga ya Mulatya, amebeba majani ya chai na sukari kwenye kikapu.

"Mama Nthenya, hujambo?"

"Rudisha kikapu. Sema unachotaka."

Kamanthe alisema. Alisema na machozi, kwamba Aloys hana hatia, kwamba msichana ni mzuri, kwamba aibu itakuwa ya ukoo wote.

"Nitapika," Kalunde akasema, na Kamanthe alipotaka kumshika mkono akaurudisha nyuma. "Ngoja. Nitapika, lakini mume wako atarudisha mkonge wote alioung'oa. Kwa mkono wake. Si Aloys, si kibarua. Wazee wakiona."

"Nitamwambia."

"Jibu alilete mwenyewe."

Jioni hiyo kabla jua halijazama Ndeti alikuja mpaka kwenye stendi. Alisimama akiangalia bondeni, mgongo ukielekea kwa Kalunde.

"Nimekubali," akaliambia bonde.

"Sijasikia."

"Nimesema nimekubali!"

Akaondoka.

Kalunde alipika. Wazo la kuiharibu lilimjia, tena kwa nguvu. Ingetosha kuacha makaa yazime, au kutia miatine mbichi. Lakini pombe ile ingenywewa ikiitwa kaluvu ya Kalunde, hata huko ambako hawakumjua Ndeti, na Aloys alikuwa kijana aliyemsalimia kila alipomkuta mbali na macho ya baba yake. Basi akaipika vizuri, kwa hasira, akilinda makaa kama mtu anayelinda mgonjwa.

Asubuhi ya safari, pikapu ilisimama barabarani ikiwa na mbuzi. Wazee wa ukoo walifika wamevaa makoti, Mzee Kitheka mbele, na Ndeti akiwa na suti ya kahawia na kofia mpya. Walikuja uani kwa Kalunde na mitungi mitupu. Pipa la katikati lilikuwa limejaa, na harufu yake tamu ilikuwa imewafanya wazee wawe wakarimu wa maneno. Kalunde alikuwa ameketi chini ya stendi, mguu mbaya umenyooshwa.

"Fungua mfereji, mama," Mzee Kitheka akasema. "Safari ni ndefu."

"Mkonge uko wapi?"

Mzee Kitheka alimgeukia Ndeti. Ndeti akakohoa.

"Tutapanda tukirudi."

"Na kaluvu itashuka mkirudi."

"Shemeji, usituaibishe mbele ya watu. Nimeshasema tukirudi."

Ndeti alipiga hatua, akanyoosha mkono kwenye mfereji. Hakukuwa na kitu cha kugeuza. Kalunde alikuwa amekitoa kishikio chake cha shaba, amekifumbata kiganjani, na alikiinua wakione.

"Toboa pipa, Ndeti, ukipenda. Halafu uwaambie wakwe zako kwamba umewaletea pombe ya kunyang'anya mjane. Mzee Kitheka, mlisema mtakaa. Niliwangoja kabla ya mvua, nikawangoja baada ya mvua. Leo mmekuja wenyewe, wote, na mmevaa vizuri. Mkae basi."

Mbuzi walilia kwenye pikapu, na dereva akapiga honi. Mzee mmoja alisema polepole kwamba mkonge wa mzee marehemu ulipita hapa, yeye mwenyewe alikuwepo ulipopandwa. Mwingine akasema ndiyo, ulikwenda hadi kwenye lile jiwe. Walikuwa wanajua. Walikuwa wanajua miaka yote hiyo. Kalunde alihisi hasira yake juu yao ikiizidi ile aliyokuwa nayo juu ya Ndeti.

"Ndeti," Mzee Kitheka akasema, "vua koti."

Miche ya mkonge ilikuwa tayari, Kalunde ameichimba jana yake na kuirundika. Ndeti alivua koti, akampa Aloys. Aloys alitaka kulichukua jembe, na Kalunde akasema, "Si wewe." Ndeti alilima shimo la kwanza akiwa na viatu vyake vya ngozi. Alipanda kutoka kwenye stendi hadi kwenye jiwe, wazee wakimfuata kwa miguu na kuonyesha kwa fimbo, na kila mche alioukandamiza kwa kisigino aliukandamiza kama anaua nyoka. Miiba ilimchana mikono. Alipomaliza, suruali ilikuwa na udongo mpaka magotini, na machozi yalikuwa yamemlenga, si ya majuto.

Alirudi akasimama mbele ya Kalunde.

"Nitakuzika," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Upande huo," Kalunde akasema, akaonyesha ng'ambo ya mkonge, "zika unayetaka."

Akarudisha kishikio, akafungua. Kaluvu ikashuka ya dhahabu, bila povu jingi, mpaka mitungi yote ikajaa. Hakuna aliyemshukuru isipokuwa Aloys, naye alinong'ona.

Huko Matuu, Mzee Nderitu alikunywa pembe ya kwanza, akaomba ya pili, na ndoa ikakubaliwa. Nthenya ndiye aliyemletea mama yake habari hizo, maana upande wa pili hakuna aliyezivusha. Wiki chache baadaye Ndeti alisimamisha ua wa mabati kufuata mkonge wote, mrefu, ili asiione ile stendi nyekundu akiwa anakula. Kalunde alimtazama akipigilia misumari. Mkonge ungeweza kung'olewa tena, lakini mabati hayo yalikuwa yamepigiliwa na Ndeti mwenyewe, mahali panapostahili.

Wagaki alikuja kukaa nyumbani kwa wakwe zake kwa muda, kama desturi. Siku moja alizunguka ule ua kwa njia ya barabarani, akamkuta Kalunde akisafisha mapipa, akampa salamu za babu yake na kumwomba amfundishe kuchagua miatine. Alikuwa na uso wa kucheka. Kalunde alikuwa amefungua mdomo kumjibu wakati sauti ya Ndeti iliporuka juu ya mabati, ikimwita mkaza mwanawe kwa jina, kali kama ya kumfukuza mbwa.

Uso wa msichana ulikunjamana.

"Enda," Kalunde akamwambia. "Usimkasirishe kwa ajili yangu. Hiyo kazi nitaifanya mwenyewe."

Wagaki aliondoka akigeuka geuka nyuma. Kalunde alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya mabati, halafu akaliinamia pipa, akaendelea kulisugua kwa mchanga.